Anayeoga Akitoka Kwangu

Mwanamke akianza kunusa mkono wa mwanaume, ujue usingizi umeshamhama. Mehreen binti Hasham alianza kunusa Alhamisi. Leo ilikuwa Jumamosi, siku ya mwisho aliyopewa na baba yake, na pua yake ilikuwa bado haijatulia.

"Mpaka nifunge duka," mzee Hasham alimwambia asubuhi, huku akipangusa kioo cha mlangoni kwa gazeti lililoloweshwa maji, kama alivyofanya kila siku ya Mungu. "Wazee wa huyo kijana wanataka kuja kesho kutoka Kisesa kuleta posa. Mtu akija kwangu na posa anapewa chai na jibu. Sitaki watoke mbali kiasi hicho halafu wapewe chai peke yake. Kwa hiyo niambie, waje au wasije?"

"Nitakwambia ukifunga, baba."

"Nikishafunga sitaki maneno."

Mama yake, Bi Dolat, alikuwa nyuma ya kaunta ya duka lao la vioo akimenya chungwa, amejifanya hasikii. Yeye jibu alikuwa nalo tangu siku ya kwanza. Hakumchukia Luhende. Kijana alikuwa na adabu, aliamkia, chai alikunywa yote. Lakini hakuwa wa kwao, na Bi Dolat aliamini kwamba mtu asiye wa kwenu hata akikupenda anakupenda kwa lugha usiyoijua. Suala la dini walikuwa wameshalilia mpaka machozi yakachoka. Suala la watu watasema nini nalo lilikuwa limeshasemwa na watu wenyewe. Lililobaki ni hili jipya, nalo lilikuwa limeletwa na Ishrat, dada yake Mehreen, ambaye habari ikimfikia asubuhi haifiki adhuhuri haijavaa viatu.

Jumanne Luhende alikuja dukani amevaa shati la bluu alilonunuliwa na Mehreen. Akanywa chai, akachukua vioo vyake, akaondoka. Muda si mrefu Ishrat akawa Pasiansi kwa fundi wake wa nguo, na pale nje ya kituo cha utafiti akamwona Luhende huyo huyo amevaa fulana nyeupe, nywele mbichi, maji yanamtiririka shingoni. Kando yake alisimama msichana ameshika lile shati la bluu kwa ncha za vidole viwili, amelisogeza mbali na mwili wake kama mtu aliyeokota panya aliyekufa. Akalitia kwenye mfuko wa nailoni. Akafunga fundo.

"Nilimwona kwa macho yangu haya," Ishrat alisema, na kwa bahati mbaya Ishrat hakuwa mwongo.

Alhamisi Luhende alipopita tena jioni akitoka kazini na kumshika mkono kwa siri juu ya kaunta, kifundo chake kilinukia mawaridi. Mehreen hakuwa na manukato ya mawaridi. Hakuna mtu nyumbani kwao aliyekuwa nayo.

"Mwanangu," Bi Dolat alisema alasiri, akimpa kipande cha chungwa jingine, "mwanaume anayeoga akitoka kwako, anaelekea kwa mwingine. Hilo halihitaji kusoma."

Mehreen alikula chungwa. Lilikuwa chachu, au ni mdomo wake.

Saa ile ile Luhende akaingia. Alikuwa mrefu, mwenye mwendo wa pole, na macho ambayo yakikutazama unajiona kama kitu kilichopotea kikapatikana. Shati la bluu lilikuwa limepigwa pasi. Akamwamkia mzee, akamwamkia mama, kisha akamgeukia Mehreen na tabasamu lile lililomponza tangu mwanzo.

Mwanzo wenyewe ulikuwa hapo hapo kaunta. Alikuja kutafuta kioo chembamba kikatwe vipande vidogo vya ukubwa wa stempu, vingi, vyote sawasawa, na maduka mengine yote yalikuwa yamemfukuza. Mehreen, aliyeshika kalamu ya kukatia kioo kabla hajashika ya kuandikia, alimkatia. Akamuuliza vya nini. Luhende akamweleza kwamba ni mtafiti, na kwamba vipande vile anavipaka utando wa madini, mwembamba kiasi kwamba ukiulaza wembe kando yake, wembe ni ukuta. Utando huo ukiunganishwa na waya na betri unanusa. Ukiupitisha juu ya sangara aliyeanza kuharibika, kitaa chekundu kinawaka kabla pua ya mtu haijajua lolote.

"Kwa hiyo unatengeneza pua," Mehreen alimwambia siku ile.

"Natengeneza pua," Luhende alikubali, na wakacheka, na kilichofuata ni historia.

Leo hakukaa. Alikunywa chai amesimama. "Nina kitu nakiwahi kazini," alisema. "Tutaonana kesho, Mungu akipenda." Na aliposema kesho, sauti yake ilikuwa na furaha ambayo Mehreen hakujua aiweke wapi.

Alipotoka, Bi Dolat aliacha kumenya. Alimtazama tu binti yake, akatazama mlango, akaendelea na machungwa.

"Amesahau vioo vyake," Mehreen alisema.

Hakuwa amevisahau. Vilikuwa vimetoka kuoshwa, havijakauka. Lakini Mehreen alivitia kwenye boksi hivyo hivyo, akajitanda mtandio, akasimamisha bajaji.

Njia nzima ya kwenda Pasiansi alijitukana. Alijiambia kwamba mwanamke mwenye akili hafuatilii mwanaume. Alijiambia pia kwamba mwanamke mwenye akili haposwi kesho na mtu anayebadilisha nguo mchana. Upande wa kushoto ziwa lilikuwa limetulia kati ya majabali, na yeye akaliona kama linamcheka.

Mlinzi wa kituo alimjua, akamfungulia. Mehreen hakwenda mlango wa mbele. Alizunguka nyuma ya jengo, kule ambako Ishrat alisema kuna bafu la nje, na kabla hajafika akasikia maji yanamwagika.

Kwenye ngazi alikuwa amekaa msichana mwembamba aliyevaa koti jeupe, na magotini kwake kulikuwa na taulo lililokunjwa vizuri. Pembeni yake mfuko wa nailoni umefungwa fundo. Rangi ya bluu ilionekana kwa ndani.

"Karibu, wifi," msichana alisema, akasimama haraka. "Mimi ni Queen. Nafanya kazi na kaka Luhende. Yeye... anaoga."

Wifi. Mehreen alijiambia kuwa anayekuchukulia bwana ndiye anayewahi kukuita wifi.

"Nasikia anaoga. Na wewe kazi yako ni nini?"

"Naosha vile vioo kabla havijapakwa."

"Na mashati?"

Queen alitazama mfuko kama ndiyo kwanza anauona. "Hilo aliniomba nisimwambie mtu."

"Najua aliomba." Mehreen aliupita mfuko, akauelekea mlango wa maabara uliokuwa wazi. Alitaka tu kuketi mahali.

Queen akamkinga njia, mikono miwili mbele. "Usiingie humo, wifi. Nakuomba. Wewe hasa."

"Mimi hasa?"

"Namaanisha..."

"Umemaanisha ulichosema."

Maji yakakoma. Mlango wa bafu ukafunguka, Luhende akatoka na suruali yake ya kazi na fulana nyeupe, ngozi inang'aa, taulo la pili shingoni. Akamwona Mehreen. Na hapa ndipo moyo wa Mehreen ulipovunjika kweli kweli, kwa sababu mwanaume huyu, ambaye kesho wazee wake walikuwa waje kuomba mkono wake, hakumjia. Alirudi nyuma.

"Mehri," alisema. "Umefuata nini huku?"

"Nimeleta vioo. Wewe umefuata nini humo?"

"Joto tu."

"Joto la Pasiansi peke yake? Dukani kwetu umekunywa chai ya moto hukutoa jasho."

"Mehri, tusiongelee hapa."

"Tuongelee wapi? Mbele ya baba yangu kesho?" Sauti yake ilikuwa ndogo, na watu waliomjua walijua kuwa Mehreen akipunguza sauti ni bora angepiga kelele. "Unakuja kwangu na shati nililokununulia. Ukitoka unalivua, unaoga, na mwanamke mwingine analifunga kwenye nailoni kama limetoka kwa maiti. Nimekaa siku zote hizi najiuliza nani. Leo najiuliza nini. Nina nini mimi, Luhende, mpaka unioshe mwilini mwako?"

Luhende alimtazama Queen.

"Mwambie, kaka," Queen alisema. "Mimi nina mchumba wangu Nansio. Sitaki kesi ya mtu mwingine."

Luhende akakaa kwenye ngazi, mbali kidogo na Mehreen, na umbali ule Mehreen aliuona.

"Tando zinabanduka," alisema. "Tangu mwezi wa nne. Napaka leo, kesho nakuta zimejikunja kama ganda la kitunguu. Mkuu wa mradi amenionya mara mbili. Nikachunguza zinabanduka siku gani."

"Siku gani?"

"Siku nikitoka kwako."

Mehreen aliliweka boksi chini.

"Ni ile gundi yenu, silikoni, ya kushikizia vioo. Mara ya kwanza nilikusaidia kushika tangi la kioo la samaki ulilokuwa unaliunganisha, ikanigusa kidole. Ile gundi ikishika kitu haitoki, na utando haukai juu yake, kama maji kwenye sufuria ya mafuta. Duka lenu lote lina gundi, Mehri. Nguo zako, mikono yako, viti. Ndiyo nikaanza kuoga nikitoka. Ndiyo shati linafungwa. Siku nisipokuja kwako, kila kitu kinashika."

"Na ukija na kuoga?"

"Bado zinabanduka," alisema kwa huzuni ya kweli. "Naoga mpaka ngozi inauma. Bado."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Mama yangu ameshasema tangu nikujue mambo yangu hayaendi. Anasema una mkosi. Mama yako anasema hivyo hivyo juu yangu, na usikatae. Ningetamka tu kwamba kazi inaharibika nikitoka kwako, wangepata ushahidi wote wawili. Nilitaka kukulinda."

"Wao nimewasikia. Wewe ulisema nini moyoni mwako?"

Hapo Luhende alinyamaza. Ungemuuliza mwanaume mwingine angekula yamini, angeapa kwa majabali na ziwa. Huyu alinyamaza kwa sababu hakuzoea kusema uongo, na kunyamaza kwake kulimchoma Mehreen kuliko shati, kuliko nailoni, kuliko Queen na taulo lake. Aliinua boksi lake la vioo. Jibu la baba lilikuwa limepatikana.

Akapiga hatua, akasimama. Kulikuwa na jambo moja limebaki, na wivu ukishakushika hauachi jambo limebaki.

"Na mawaridi?" aliuliza bila kugeuka.

"Mawaridi gani?"

"Alhamisi mkono wako ulinukia mawaridi. Nimekubali maneno ya gundi. Gundi hainukii mawaridi. Nani anakupaka?"

Queen aliinua mikono juu. "Mimi simo."

"Hiyo losheni?" Luhende alishangaa. "Iko humo bafuni, ya kila mtu. Chupa kubwa ya pinki."

"Unajipaka mwenyewe."

"Sasa nikishaoga nitoke nimepauka, nionekane nimetoka kuponda kokoto?"

Mehreen alirudi. Alimshika kifundo cha mkono, safari hii bila siri, akakisogeza puani. Mawaridi. Ya bei rahisi, ya chupa ya pinki. Ahueni ilimjaa kifuani kiasi kwamba alitaka kumpiga. Lakini wivu una mkia mrefu.

"Unatoka kwangu. Halafu?"

"Mehri..."

"Nataka kusikia yote. Unatoka kwangu, halafu?"

"Naoga."

"Halafu?"

"Najipaka mafuta. Navaa. Naingia kazini."

"Hunawi tena?"

"Nimeshaoga, ninawe nini?"

Queen, aliyekuwa anakunja taulo, aliacha kulikunja. "Siku nyingine tunanawa," alisema polepole. "Sote. Kwa sabuni, mpaka viwikoni, ndiyo tunavaa glavu. Ni sheria ya humu ndani."

"Na siku anazotoka kwangu?"

Queen alimtazama Luhende. "Siku hizo anapita moja kwa moja. Anakuwa ameshaoga."

Kwenye jabali nyuma ya ukuta korongo mmoja alijikung'uta mabawa. Luhende alitazama viganja vyake, akavigeuza, akatazama vifundo vinavyong'aa. Mehreen alimwona anavaa glavu ambayo haikuwepo, akivuta ukingo wake kwa vidole vyenye mafuta, akiupandisha juu ya mkono wenye mafuta.

"Queen," alisema kwa sauti kavu. "Niletee kioo kilichooshwa."

Queen alikileta kwa koleo. Luhende akakipulizia pumzi ya mdomo, haa, na ukungu ukatanda juu yake mweupe, sawasawa, kisha ukapotea. Akakigusisha kifundo chake cha mkono. Kwa macho hakikuonyesha chochote. Akapulizia tena. Ukungu ukatanda kila mahali isipokuwa pale alipogusa, na pale pakabaki doa, na ndani ya doa mistari midogo ya ngozi yake mwenyewe.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Wahenga hawakujua losheni.

"Ni mimi," Luhende alisema. Kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyetua mzigo. "Queen, ni losheni! Mwite mkuu, mwambie nimepata!" Queen alishakimbia. Luhende akamgeukia Mehreen, uso wote umefunguka, na akakuta Mehreen hacheki.

"Umefurahi," alisema Mehreen. "Nami nimefurahi kwa ajili yako. Lakini ulipoharibikiwa ulitazama gundi yetu, viti vyetu, nguo zangu. Mkono wako ulikuja kuutazama leo, kwa sababu nimeona wivu."

"Ile ya kwanza ilikuwa gundi kweli."

"Ya kwanza. Zilizofuata?"

Kicheko kilikuwa kimeshakauka. "Zilizofuata ni mimi. Zote."

"Na ulipojiuliza moyoni nani ana mkosi?"

"Nilikudhania," Luhende alisema. Aliinamisha kichwa. "Sikutaka, lakini usiku nilikuwa nafikiri pengine mama ana haki. Nisamehe, Mehri. Si kwa sababu ya kioo. Kwa hilo."

Macho ya Mehreen yalijaa maji. Neno lile lilimuuma, lakini lilikuwa neno la kweli, la kwanza siku nyingi, na alijua tofauti yake na tabasamu. "Mpigie mama yako," alisema. "Niko hapa."

Luhende alipiga, akaweka sauti ya nje.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, ng'wanone, mwanangu. Nimeshapiga pasi kitenge cha kesho. Usiniambie nimepiga bure."

"Mama, zile kazi zangu zilizokuwa zinaharibika. Si Mehreen. Ni mimi. Ni mafuta niliyokuwa najipaka nikishaoga."

Kuku walisikika Kisesa.

"Mafuta," mama alisema. "Aliyekufundisha usitoke bafuni bila mafuta ni nani?"

"Ni wewe, mama."

"Basi mkosi ulikuwa wangu." Alishusha pumzi. "Huyo binti yupo hapo?"

"Yupo."

"Mwambie nikifika nitamwomba radhi kwa mdomo wangu, uso kwa uso. Jambo kama hili halisemwi kwa simu. Kama tutafika." Akakata.

Kama tutafika. Luhende alimtazama Mehreen, na katika macho yale mara hii hakukuwa na tabasamu, kulikuwa na hofu tupu ya mtu anayesubiri hukumu. Akasimama, akapiga hatua moja kumjia.

"Usinishike," Mehreen alisema. "Nimetoka dukani. Una kazi humo ndani."

Luhende alimshika. Alimkumbatia na gundi yake, na wino wa magazeti ya duka uliokuwa kwenye mtandio wake, na machozi yake yaliyolowesha ile fulana nyeupe. Queen, aliyekuwa amerudi mlangoni, alikohoa.

"Itabidi uoge tena, kaka."

"Sitaoga," Luhende alisema, kidevu kikiwa juu ya kichwa cha Mehreen. "Nitabadilisha fulana na kunawa mpaka viwikoni, kama watu wote."

Sitakudanganya kwamba wivu uliisha pale. Mehreen aliporudi njiani alikuwa bado anaigeuza ile nilikudhania ndani ya kifua chake, na aliigeuza kwa miaka. Lakini kabla hajatoka aliokota mfuko wa nailoni, akafungua fundo kwa meno, akalikung'uta shati la bluu, akalinusa. Lilinukia duka lao. Akampa Luhende.

"Kesho uje na hili. Usilifue."

Simu yake ikaita mfukoni. Kwa nyuma ya sauti ya baba yake alisikia geti la chuma la duka likivutwa.

"Nafunga," mzee Hasham alisema.

"Muulize kama amemkuta anaoga," sauti ya Bi Dolat ilisikika kwa mbali.

"Nimemkuta, mama," Mehreen alisema.

Baba yake aliacha kuvuta. Geti nalo likanyamaza, limefungwa nusu. "Pole, mwanangu," alisema mwishowe, kwa upole ambao hakuwa ameutumia asubuhi. "Niwaambie wasije? Au waje tu, tuwape chai?"

Mehreen alimtazama Luhende, aliyekuwa amelikumbatia shati chafu kifuani kana kwamba ndilo alilokuwa amenyang'anywa.

"Waje, baba," alisema. "Wapewe chai na jibu."